Ngumi Zilizopoteza Siku

Jumatano ile Maître Anatole, mwalimu wa karate, alipiga gogo la mchikichi mateke mia moja na hamsini, kama kila asubuhi, na gogo halikutikisika. Lilikuwa limesimikwa nyuma ya nyumba yake pale Baraka, limefungwa nyavu kuukuu za kuvulia ndakala, hatua nne kutoka jiko la mke wake, Godelieve. Alipomaliza aliketi kwenye kibao, akatia mikono ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Gogo lilitikisika Ijumaa saa nne, Godelieve akiwa anatwanga majani ya sombe. Alisogeza kinu chake kidogo, akaendelea kutwanga.

Mji mzima ulikuwa umezoea. Ngumi na mateke ya Maître yalikuwa yamepoteza siku, basi. Alikupiga leo, ukaumia wakati mwingine. Dany, fundi viatu wa sokoni, alipigwa tumboni Alhamisi na kuanguka Jumapili kanisani, akiwa amebeba kikapu cha sadaka kati ya mabenchi. Mchungaji alinyamaza mpaka Dany alipopata pumzi, kisha akaendelea pale alipoachia. Wakati wa ukimbizi, kambini kule upande wa Kigoma, Maître alimpiga mtu mmoja teke la paja, na mtu yule akaja kuchechemea miezi minne baadaye, ameshavuka ziwa na kurudi kwao Mboko, ameshaoa.

Nyingine zilitangulia. Dany huyohuyo aliamka Jumatatu moja jicho limevimba kama andazi. Mke wake akamuuliza ni nani amempiga. Dany akajibu ni Maître, siku ya Alhamisi. Alhamisi ilipofika, jicho likiwa limeshapungua, alikwenda klabu, akasimama mbele ya mzee, akapokea ngumi ambayo haikumuuma hata chembe. Angeweza kubaki nyumbani na viatu vyake. Lakini kuchukua uvimbe wa mtu halafu usiende kupigwa ni kukosa adabu, na Dany alilelewa vizuri.

Klabu yenyewe ilikuwa ndani ya depo la zamani la pamba, karibu na soko. Maître aliifungua mwaka wa sabini na tisa, aliporudi kutoka Katanga. Huko alikuwa mpishi katika kampuni ya Wajapani waliochimba shaba, na fundi mmoja wa mitambo, mtu mfupi asiyecheka, alimfundisha ile karate ya kupigana kweli: hakuna glavu, hakuna kusimamisha ngumi kidole kimoja kabla ya kifua. Fundi alirudi kwao, mpishi akarudi Baraka na suti nyeupe na mifupa ya miguu yenye manundu. Alishona magunia ya maganda ya mpunga, akayatandaza sakafuni, akasema anayetaka aje. Walikuja wavuvi, wauza mafuta ya mawese, mwalimu, katekista. Wengi walitaka kupiga. Waliobaki ni wale waliojifunza kupigwa.

Sheria kubwa ilikuwa moja, na hata wauza karanga wa nje waliijua. Ukiinamiwa juu ya magunia, nawe unainama. Na mkishainamiana, nyinyi wawili mmo katika pambano, hakuna mtu wa nje atakayemgusa yeyote kati yenu mpaka pambano liishe. Askari mmoja aliyekuja kumkamata fundi wa redio alisubiri mlangoni saa nzima, anakula karanga, mpaka fundi alipomaliza, akaoga, akavaa. Hapo ndipo alipomfunga pingu. Hakuna aliyecheka. Sheria ni sheria.

Sasa ngoja niseme habari ya Byiringiro, maana ngumi zilianza kupotea kwa ajili yake.

Byiringiro alikuwa mtu wa milimani, Munyamulenge wa upande wa Bibokoboko, aliyeshuka kufundisha darasa la tatu pale Baraka. Alipanga chumba kwa katekista. Alikuwa mrefu, mpole, anayeomba samahani kabla ya kukupiga na baada ya kukupiga. Kwa miaka sita alikuja klabu kila Alhamisi na kila Jumapili mchana. Maître alikuwa na ngumi moja ya mkono wa kuume, inayoanzia kisigino, inazunguka kiunoni, inaingia chini ya titi. Wanafunzi wote waliijaribu. Aliyeipata ni Byiringiro peke yake. Hata Norbert, mwanafunzi mkuu, aliyekaa kwenye magunia yale miaka kumi na tano, hakuipata, na hakupenda watu waliseme.

Mwaka wa tisini na sita vita vilipokaribia, ikawa inasemwa redioni na barabarani kwamba watu wa milimani si watu wa hapa. Norbert akawa mkubwa wa vijana wa barriere, wale wa vizuizi vya njiani. Mtu mmoja aliyemficha jirani yake wa milimani alichomewa nyumba Ijumaa. Jumapili mchana Byiringiro aliingia depo akikimbia, chokaa ya ubao ya tangu Ijumaa bado imo kwenye mikono ya shati lake. Maître alikuwa peke yake, ameketi, mikono ndani ya beseni. Norbert na wenzake sita walifika nyuma ya Byiringiro, wakasimama kwenye kizingiti.

Byiringiro alivua viatu, akapanda juu ya magunia, akamwinamia Maître.

Norbert hakuvuka. Miaka kumi na tano ilikuwa imemshika miguu. Alisimama akingoja kuona kama mzee atainama, maana akiinama, yeye Norbert na panga lake atakaa hapo nje mpaka kesho, na kesho kutwa kama watapenda. Byiringiro alibaki ameinama. Maître aliangalia maji. Aliyaangalia kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu taratibu. Kisha Norbert alivua viatu vyake, kama inavyotakiwa, akaingia, akamshika Byiringiro mkono, wakatoka.

Jioni Godelieve alimuuliza mumewe kwa nini hakusimama. Maître alisema maji yalikuwa bado ya moto.

Alhamisi iliyofuata ngumi yake ya kwanza ilichelewa, kidogo tu, muda wa kuvuta pumzi. Halafu vita viliingia mjini, watu wakavuka ziwa, wakarudi, wakavuka tena. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ngumi imepatwa na nini.

Baraka ni mji ambao ukikaanga samaki wawili, mtaa wa tatu wanajua kwamba mmoja uliunguza. Nani kaachwa, nani kapata mimba kabla ya mahari, nani kala dengu za parokia, yote utayapata sokoni kabla jua halijawa kali. Habari ya Jumapili ile huwezi kuipata kwa mtu yeyote. Kila nyumba ilikuja kuwa na wafu wake, na kila nyumba ilitaka kuanza na wa kwake.

Gatesi alishuka mwezi wa nane mwaka wa elfu mbili na tatu, waliposema vita vimekwisha na njia ya milimani ikaanza kupitika kwa wenye moyo. Alifikia kwa mchungaji, na siku ya pili akaenda kwa Maître. Godelieve alifuta kiti kwa pembe ya kitenge chake, akamkaribisha.

"Mi ni Gatesi, mama. Dada ya Byiringiro."

Godelieve aliketi naye pia. "Mama yenu iko muzima?"

"Iko. Lakini hajamaliza kilio. Miaka saba hii hakalie kiti, hanyoe nywele. Anasema, namna gani atamaliza kilio ya mutoto mwenye hajue analala fasi gani? Na sasa iko mugonjwa. Mi natafuta hiyo fasi tu, niende nimuambie." Akamgeukia Maître. "Banasema ulikuwa pale, Mzee."

"Nilikuwa," alisema Maître.

"Basi useme. Mbele ya bantu bote, na jina ya mwenye alimubeba. Hapa banakuheshimu. We ukisema, yeye atashindwa kunyamaza, ataonyesha fasi."

Maître aligeuza mikono yake, akaitazama upande wa viganja. "Mutoto yangu, mambo ya kusimama na kuongea, mi siyaweze. Najua kazi moja."

"Sikukuja kutafuta ngumi, Mzee."

"Jumapili ni siku yangu ya miaka. We kuya tu. Norbert pia atakuya."

"Na utasema?"

"Kuya Jumapili."

Godelieve alimsindikiza mgeni hadi kwenye uzio wa matete, akarudi, akasimama mbele ya mume wake. "We ulimi yako iko ndani ya ngumi," alimwambia. "Na ngumi yenyewe haijue hata leo ni siku gani."

Siku ya miaka ilikuwa desturi ya klabu. Kila mwezi wa nane, mavuno ya mpunga yakishaingia, Maître alipigana pambano moja kwa kila mwaka wa umri wake, muda wa kila pambano ukiwa hesabu ya mia moja inayohesabiwa na watu wote kwa sauti. Mwaka ule yalikuwa sabini na moja. Depo lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kulikuwa na mikate ya mafuta, samaki wa kuchoma, pombe ya kasiksi katika madumu ya njano. Wamama wa soko walifunga meza zao mapema wakaja na viti vyao. Wanaume waliochoka walipigana, wakatoka, wakanywa, wakarudi tena kwenye mstari, maana wanafunzi walikuwa ishirini na nane tu. Maître alipiga na kupigwa. Aliowapiga walimshukuru na kwenda kukaa, kila mmoja akijiuliza itafika lini.

"Mi nitasafiri Lulimba wiki kesho," Dany alimlalamikia aliye mbele yake. "Isinikute kwa moto." Alikuwa na maana ya pikipiki.

"Basi angalia, labda uliipata mwaka jana na hukujua," yule akamjibu.

Gatesi alisimama karibu na mlango, mkoba begani. Watu walimpisha kwa adabu, wakaendelea kutompa kiti.

Norbert alifika kwenye pambano la arobaini na nane. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya soko, mtu mnene, mcheshi, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Hakuwa amepigana miaka kadhaa. Alikuja kusalimia, akapanda juu ya magunia na soksi zake, akaanza kutania wanawake kwamba mzee atamwua wawe wajane wake wote.

Maître alimsogelea. Alifungua mdomo. Kelele zilikoma, na kwa mara ya kwanza mchana ule sauti ya majani ya mchikichi yakisugua bati ilisikika. Gatesi alishusha mkoba. Ilionekana wazi kwamba mzee atasema.

Maître alifunga mdomo, akainama.

Norbert, akiwa ameinamiwa, aliinama. Watu wakaanza kuhesabu. Hawakufika hata sita. Mkono wa kuume wa Maître ulianzia kisigino, ukazunguka kiunoni, ukaingia chini ya titi la Norbert kwa mlio wa mtu anayefunga kitabu kizito. Wazee wa klabu walisema hawajaiona ikitoka hivyo tangu miaka ya themanini. Norbert hakusogea. Aliangalia kifua chake, akaangalia paa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Hii ngumi naijua," alisema. "Hii niliishaipata."

Akapandisha shati. Upande wa kulia mbavu mbili zilikuwa zimepinda chini ya ngozi, zimeungana vibaya, za zamani.

"Munauliziaka nilivunjika wapi. Nasemaka ni mutumbwi. Hapana. Ni siku ile tulikuwa tunapeleka Byiringiro."

Waliokuwa madirishani waliteremka ili wasikie.

"Ilikuwa kwenye mashamba ya mupunga," alisema Norbert. "Tulikuwa tunamupeleka kwa maji. Mutumbwi ilikuwa inangoja, bamuvushe ng'ambo, aende zake. Njo ilikuwa mupango, Mungu anajua. Pale njiani ngumi ikaingia. Hapa. Hakuna muntu karibu na mi. Nikaanguka kama gunia. Benzangu bakasema, hii ngumi ni ya Maître, na benye kuijua ni babili tu. Maître tulimuacha kule, mikono mu maji. Na huyu iko hapa, mikono tumemufunga, na anavunja Norbert mbavu bila kumugusa." Alishusha shati, akalichomeka vizuri. "Bakaogopa. Bantu bakiogopa, munajua."

Watu walijua.

Dany ndiye aliyeanza. "Miaka saba kurudi nyuma," alisema. "Ile yangu ya jicho ilirudi siku tatu tu."

"Ni kiuno," alisema fundi wa redio. "Maître akitia kiuno, inaenda mbali."

"Lakini kama inaenda mbali, mbona ilimukuta Norbert njiani, isimukute nyumbani kwake?"

"Ilienda kwenye ilikuwa inatakiwa."

Hapo wakagawanyika. Wengine walisema ngumi ilichagua siku yake yenyewe, wengine kwamba Maître aliipima, mama mmoja wa samaki akasema kwamba hata marehemu shemeji yake alipigwa hivyo mwaka wa tisini na tisa na hakuna aliyejua na nani, labda waanze kufikiri. Norbert aliombwa aonyeshe mbavu tena kwa waliokuwa nyuma. Akaonyesha. Katika maneno yale yote jina la aliyembeba Byiringiro lilikuwa limeshasemwa, mbele ya watu wote, na mwenye jina mwenyewe, na halikumwangukia mtu yeyote mguuni.

"Na kisha?" aliuliza Gatesi kutoka mlangoni. "Mulimuweka fasi gani?"

Norbert alimwangalia kwa upole wa kweli. "Dada yangu," alisema, "vita ilikuwa mubaya kwa bantu bote."

"Kweli," waliitikia watu. Wamama wawili walifuta macho, kila mmoja kwa ajili ya wa kwake.

"Mashamba ya nani? Uniambie mashamba ya nani tu. Mama yangu anakufa."

Watu walitazama magunia. Ni mji unaojua shamba la kila mtu na mpaka wake, na nani alisogeza mpaka ule usiku gani. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kama kasiksi imebaki.

Gatesi akamgeukia Maître Anatole. "Mzee?"

Maître hakujua mahali. Siku ile alikuwa anaangalia maji. Alichokuwa anakijua sasa ni kitu kingine, na uso wake ulikuwa unakijua pia: kwamba kulikuwa na mtumbwi unaongoja, na kwamba kati ya mtumbwi na Byiringiro kulikuwa na ngumi yake. Alisema, "Mutoto yangu," kisha akakaa nalo neno hilo.

Gatesi aliokota mkoba wake. Watu walimpisha tena. Hakuna aliyemsindikiza hata hatua ishirini, jambo ambalo Baraka hatumfanyii hata mdai. Jua lilikuwa bado juu, angeweza kulala kwa watu wa kanisa lake chini ya mlima na kupanda kesho.

Desturi haikuruhusu kuacha katikati. Yalikuwa yamebaki mapambano ishirini na matatu. Wa arobaini na tisa, mvuvi wa Swima, alipanda, akainama. Maître aliinama. Kisha akateremsha mikono yake kandokando ya mapaja, akaiacha hapo.

Mvuvi alisubiri, akamgusa begani kidogo.

"Usinitukane," alisema Maître.

Na ni kweli, kumpiga mtu polepole juu ya magunia yale ni tusi kubwa kuliko mate. Mvuvi akampiga sawasawa. Akaja wa hamsini, akaja wa hamsini na moja. Watu walihesabu mia kwa kila mmoja, sauti zao zikipungua. Godelieve alitoka nje akaenda nyumbani kuwasha moto. Ngumi za wanafunzi hazikuwa na tatizo lolote: kila moja ilifika palepale ilipotupwa, ikaacha alama yake, ikampisha nyingine. Kwenye pambano la sitini na nne Maître alianguka, akainuka. Kwenye la sitini na nane alianguka tena, na Dany, ambaye ilikuwa zamu yake, alimngoja ainuke, akilia, kisha akampiga.

Lilipoisha la sabini na moja hakuweza kutembea. Walishauriana nani ambebe. Norbert akasema ni nini cha kushauriana, akachuchumaa, akamweka mgongoni, maana kati ya waliokuwepo hakuna aliyekuwa na nguvu kama zake. Alipita naye sokoni polepole ili asimtikise. Mzee aliegemeza shavu kwenye shingo yake, macho wazi.

Nyumbani alimlaza kwenye mkeka, akamvua koti jeupe kwa uangalifu, akaleta mwenyewe beseni la maji moto yenye chumvi, akaitia mikono ya Maître ndani. Godelieve alimshukuru, kwa sababu mtu akikubebea mume wako unamshukuru. Akampa kiti kilekile alichokifuta kwa kitenge siku nne kabla, na chai. Norbert alitia vijiko viwili vya sukari. Godelieve alimuuliza kama zile mbavu bado zinamuuma.

"Ni wakati ya mvua tu, mama," alisema Norbert, akapuliza chai yake.